Katuni ambazo watoto wanakua ndani yake

Wiki hii tunaongea juu ya kitu kilicho ndani ya nyumba zetu kila jioni, na sisi tunakipita tu tukienda kuangalia sombe kwenye moto: katuni, zile watoto wetu wanaita desani anime. Mara nyingi tunauliza swali moja tu: “Mtaizima saa ngapi?” Leo tuulize lingine: yule mtu ambaye mtoto wangu anamwangalia kila siku, je, anakua?

Maana katuni ziko za aina mbili.

Katika aina ya kwanza, miaka inapita lakini mtu habadiliki. Tom na Jerry walianza kufukuzana mwaka 1940, na mpaka leo paka hajapata akili na panya hajazeeka. Akili, yule mtoto msichana wa katuni ya Tanzania inayosema Kiswahili, anaishi chini ya mlima Kilimanjaro na ana miaka 4. Mwaka kesho atakuwa tena na miaka 4. Hilo si kosa. Mtoto mdogo anayejifunza kuhesabu na kutaja rangi anafurahi kumkuta rafiki yake palepale alipomwacha jana.

Katika aina ya pili, mtu anaanza akiwa mtoto, anakosea, anapigwa na maisha, anajifunza, sauti yake inakuwa nzito, anaoa au anaolewa, na mwisho anakuwa mzazi. Katuni hizo ndizo vijana wetu wa miaka 11 na kuendelea wanazipenda sana. Moja inayojulikana sana ni Naruto.

NARUTO NI NANI?

Ni hadithi ya Japani iliyoandikwa na Masashi Kishimoto. Katuni yake ilianza kuonyeshwa mwaka 2002 na ikamalizika mwaka 2017. Ina sehemu 720: 220 za kwanza Naruto akiwa mvulana wa miaka 12, na 500 za baadaye akiwa kijana.

Wazazi wa Naruto walikufa siku ileile aliyozaliwa, wakati pepo la mbweha lilipobomoa kijiji chao. Ili kijiji kipone, pepo lile lilifungiwa ndani ya mwili wa mtoto huyo. Basi watu wakamkwepa. Wazazi wakawakataza watoto wao kucheza naye. Yeye hakuambiwa sababu. Alijua tu kwamba macho ya watu ni mabaya. Akawa mtundu, anachafua kuta, anapiga kelele ili angalau mtu amtazame. Shuleni alianguka mtihani mara tatu.

Aliyemgeuza ni mwalimu mmoja jina lake Iruka. Na huyo mwalimu, wazazi wake mwenyewe waliuawa na mbweha yule yule. Alikuwa na sababu ya kumchukia mtoto kuliko mtu mwingine yeyote. Lakini alisema mbele ya adui kwamba Naruto si mbweha, ni mwanafunzi wake, akamkinga kwa mwili wake. Kuanzia pale mtoto akaanza kukua. Mwishoni kabisa, Naruto anapotaka kuoa, anamwomba Iruka asimame kwenye ndoa mahali pa baba yake.

Wamama, tunahitaji mtu atufasirie hadithi hiyo? Hapa kwetu wako watoto waliofika wakiwa wamekimbia vita bila wazazi. Wako waliotoka msituni, kwenye vikundi vyenye silaha, na wakirudi kijijini watu wanawaangalia kana kwamba pepo bado liko ndani yao. Tunawakataza wetu kucheza nao. Mtoto wa namna hiyo hakui kwa sababu miaka imepita. Anakua kwa sababu mtu mzima mmoja amekubali kumwona kama mtoto.

HATARI IKO WAPI?

Tusifichane. Katika Naruto, watoto wa miaka 12 wanapewa kitambaa cha kufunga kwenye paji la uso, wanapewa visu, na wanatumwa kwenye kazi ya vita. Kwa mtoto wa mahali penye amani, huo ni mchezo. Kwa mtoto wa Walikale au Masisi, ni kitu anachoweza kukiona barabarani. Kijana anayefikiri kwamba kubeba silaha ndiyo njia ya kuwa mwanaume anaweza kuchukua kitambaa kile na kuacha mafundisho.

Lakini hadithi yenyewe haisifu jambo hilo. Kabla ya sehemu ya 20 anatokea kijana Haku, yatima aliyeokotwa na mpiganaji mmoja. Alifundishwa kuua, mpaka akajiona yeye ni chombo tu mkononi mwa bwana wake. Anakufa akimkinga bwana huyo, na ni hapo tu bwana mwenyewe analia. Baadaye anatokea Gaara, ambaye baba yake alimfanya silaha ya kijiji kabla hajazaliwa. Akawa muuaji angali mdogo, hata usingizi hapati. Huyo naye anabadilika: anaomba msamaha kwa ndugu zake, na miaka inapopita anakuwa kiongozi anayelinda kijiji kilichomwogopa.

Shida ni kwamba watoto wetu hawaioni hadithi hiyo. Wanaona vipande. Mtoto anapeleka kadi ya memori kwa kijana anayejaza filme, anajaziwa sehemu za hapa na pale, zile zenye mapigano makali. Jioni anaziangalia kwenye telefone, au kwenye nyumba ya vidio mahali sauti iko juu na hakuna anayesikia maneno. Anamwona Gaara akiua. Hamwoni akiomba msamaha. Anaona ngumi, haoni miaka. Katuni ya mtu anayekua, ukiikatakata, inageuka kuwa katuni ya mtu anayepigana tu. Ni kama kuonja mihogo kabla haijalowekwa, halafu kusema mihogo yote ni chungu.

HATA WAZAZI WANAJIFUNZA

Hadithi iliendelea mwaka 2017 kwa jina la mtoto wa Naruto, Boruto. Sasa yule yatima ni kiongozi wa kijiji, ana mke na watoto wawili. Lakini kazi ni nyingi, na nyumbani haonekani. Mvulana wake amejaa hasira: ana baba, lakini hamwoni. Mtu aliyekosa wazazi anagundua kwamba kuwa mzazi nako kunajifunzwa. Wababa walioko kwenye machimbo kwa miezi, na sisi wamama tunaoondoka alfajiri kwenda shamba na kurudi giza limeingia, tunaweza kuangalia hapo pamoja na watoto wetu na kuongea bila kugombana.

KWA WADOGO: KIRIKOU

Kwa watoto ambao bado hawajafikia Naruto, iko filme ya Kirikou, iliyotoka mwaka 1998. Aliyeitengeneza, Michel Ocelot, ni Mfaransa aliyeishi utotoni Guinea. Inachukua kama dakika 70, jioni moja tu. Kirikou anaongea akiwa bado tumboni mwa mama yake, na akizaliwa anatembea papo hapo. Wanaume wa kijiji walienda kupigana na mchawi Karaba. Mtoto anauliza kwa nini yeye ni mbaya. Jibu ni kwamba wanaume walimchomeka mwiba mgongoni, na maumivu yake hayaishi. Kirikou anautoa mwiba kwa meno. Ubaya unaisha, na Kirikou anageuka kuwa mwanaume mzima. Wamama wa Walikale wataelewa mwiba ule bila kuelezwa. Na wavulana wetu wafahamu kwamba Kirikou hakuwa mwanaume kwa kumpiga mwanamke. Alikuwa mwanaume kwa kumwondolea maumivu.

MWINDO ALIKUWA WA KWANZA

Wengine watasema hizo ni hadithi za wageni. Basi tusisahau yetu. Muda mrefu kabla ya Kirikou, Wanyanga wa Walikale walikuwa na Mwindo, aliyezaliwa akitembea na kuongea. Mwaka 1956 mzee Rureke aliisimulia hadithi hiyo kwa siku 12. Daniel Biebuyck, Mbelgiji, na Kahombo Mateene, Mnyanga, waliiandika, na kitabu kilitoka mwaka 1969. Kinasomwa katika vyuo vikuu vya nchi za mbali, na hapa nyumbani wako watoto ambao jina hilo hawajawahi kulisikia.

Baba yake, mwami Shemwindo wa Tubondo, hakutaka mtoto mvulana. Alimrushia mkuki, akamzika akiwa hai, akamfungia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni. Mwindo alipona, akafika kwa shangazi yake Iyangura. Kisha akarudi na hasira, akamfukuza baba yake mpaka nchi ya wafu. Kama hadithi ingekatwa hapo, ingekuwa ya kisasi. Haikukatwa. Mwindo alimrudisha baba yake hai, baba akakiri makosa yake mbele ya watu wote, na wakagawana utawala.

Hata hapo alikuwa bado anajisifu sana. Baada ya kuua joka, Nkuba, bwana wa radi, alimpandisha mbinguni. Kule alipigwa na baridi, mvua na jua kwa mwaka mzima, bila mtu wa kumsifu. Aliporudi alikuwa mtu mwingine: mwami anayeambia watu walime vyakula vya aina nyingi, waache ugomvi, wapokee kila mtoto anayezaliwa, wasimcheke mlemavu. Hivyo ndivyo babu zetu walivyoelewa kukua: nguvu unazaliwa nazo, lakini hekima unafundishwa.

TUFANYE NINI?

Kwanza, tumwambie kijana anayejaza kadi atupatie hadithi kwa mpango, kuanzia sehemu ya 1. Sehemu moja ni dakika 23 hivi. Mkiangalia mbili kila juma, 720 zitachukua karibu miaka 7: mtoto aliyeanza na miaka 11 atamaliza akiwa na miaka 18. Atakuwa amekua pamoja na Naruto.

Pili, tukae nao, hata kama mkono unachambua maharagwe. Naruto si ya wadogo: damu na vifo vimo, na sehemu za mwanzo zina mzaha wa mwili uchi. Ukiwapo, unaweza kusimamisha na kuongea. Mtoto aliyeona vita kwa macho yake akishtuka au akinyamaza, uzime, usimlazimishe.

Tatu, tuulize maswali matatu: Mtu huyu alikuwa nani mwanzoni? Nani alimsaidia kubadilika? Alitengeneza namna gani yale aliyoharibu? Mama ambaye hakusoma anaweza kuuliza maswali hayo sawa na mwalimu.

Nne, siku ambazo sola haikupata jua, tumwite bibi anayemjua Mwindo, na asimulie mpaka mwisho, mpaka pale mtoto aliyejisifu anaporudi kutoka mbinguni akiwa mwenye hekima.

Wamama wa vikundi, jumamosi hii kwenye mkutano wenu, ulizaneni: katika mtaa wetu, nani ni Naruto asiyechezewa na mtu? Na nani kati yetu atakuwa Iruka wake?