DOS Ndani ya Kompyuta ya Leo: Hoja Kutoka Pwani ya Mtwara

Kwenye ukanda wa pwani unaotoka Mtwara mjini hadi mdomo wa Mto Ruvuma, kumbukumbu za kitaalamu huhitajika muda mrefu kuliko maisha ya kompyuta yoyote. Kisima cha gesi cha Mnazi Bay kilichimbwa mwaka 1982 na kampuni ya AGIP ya Italia, kikakaa zaidi ya miaka 20 kabla ya Artumas ya Kanada kukirudia. Pale Naliendele, kwenye kituo cha utafiti ambacho korosho ndiyo zao lake kuu, mkorosho wa majaribio hutoa takwimu kwa miongo. Anayetaka kujua leo ugonjwa wa ubwiriunga ulivyoshambulia aina fulani ya mikorosho miaka 30 iliyopita hawezi kuurudisha msimu ule. Kilichobaki ni takwimu. Kwa hiyo hoja yangu ni hii: mahali kama hapa, kutunza mafaili bila kutunza mfumo endeshi uliokuwa ukiyafungua ni kuifanya kazi nusu, na njia rahisi ya kuikamilisha ni mashine pepe, yaani kompyuta nzima ya zamani iliyoundwa kwa programu ndani ya kompyuta mpya.

Tanzania ilizuia uingizaji wa kompyuta mwaka 1974. Katazo lilipolegea miaka ya 1980, zama zilikuwa za kompyuta ndogo za mezani zenye DOS. Ndizo zama za CDS/ISIS, programu ya maktaba iliyogawiwa na UNESCO, na Epi Info ya CDC ya Marekani kwa takwimu za afya. Programu za biti 16 za wakati ule hazifunguki kabisa kwenye Windows ya biti 64. Mashine pepe huvuka kizuizi hicho kwa hila ya aina yake: DOS inaachwa iamini kwamba prosesa yote ni yake, lakini inapotoa amri nyeti, prosesa inaikatiza na kuikabidhi kwa programu msimamizi, ambayo huitekeleza kwa niaba yake kisha ikairudishia zamu. Gerald Popek na Robert Goldberg waliandika masharti ya jambo hili mwaka 1974. Prosesa za Intel zilipata msaada maalumu wa kulitekeleza mwaka 2005. Na kwa mashine pepe, disketi ya megabaiti 1.44 inageuka faili moja tu.

Tatizo jingine, la kushangaza zaidi, ni kasi. Programu nyingi zilizoandikwa kwa Turbo Pascal zilipoanza tu zilipima mwendo wa prosesa: zilihesabu mizunguko inayopita kwa muda mfupi, kisha zikaigawanya ile hesabu kwa 55. Kwenye prosesa yenye kasi, jibu linazidi nafasi ya biti 16 na programu inakufa papo hapo kwa kosa namba 200. Mashine pepe ya kawaida haiponyi ugonjwa huu, kwa sababu amri nyingi hupita moja kwa moja kwenye prosesa halisi. Hapo ndipo kiigizi kama DOSBox kinapofaa, kwani kinaiga prosesa yenyewe na mtumiaji anaweza kuipunguza kasi.

Pingamizi lenye uzito kuliko yote ni kwamba ingetosha kuhamisha takwimu kwenye jedwali la kisasa na kuachana na DOS. Nakubali kwamba uhamishaji ufanyike, tena mapema. Lakini jedwali hubeba namba na kuacha sheria zake. Safu yenye 9 inaweza kumaanisha mti uliokufa, kipimo kilichokosekana au miti tisa, na mara nyingi jibu limo ndani ya fomu ya kuingizia takwimu ya programu ile ya zamani. Uingereza ilionja hatari ya kubaki na takwimu bila mashine ya kuzifungua: mradi wa Domesday wa BBC wa mwaka 1986 ulihifadhiwa kwenye diski maalumu, na haikupita hata miaka 20 kabla ya watafiti kulazimika kuiga mashine yake ili usomeke tena.

Kuhusu usalama, ni kweli kwamba mifumo ya zamani haipewi msaada tena, hata Windows XP tangu Aprili 2014, lakini mashine pepe inaweza kunyimwa mtandao kabisa. Kusoma takwimu za korosho hakuhitaji intaneti. Kuhusu leseni, FreeDOS, iliyoanzishwa na Jim Hall mwaka 1994, ni huru na huendesha sehemu kubwa ya programu za DOS.

Kinachonitia wasiwasi ni disketi zenyewe. Unyevu wa pwani huotesha kuvu juu ya utando wa sumaku, na disketi yenye kuvu ikiingizwa hivyohivyo huchafua kichwa cha kusomea na kuharibu inayofuata. Visomeo vya USB bado vinapatikana, na disketi nzima huingia kwenye faili kwa dakika chache. Kazi hiyo ianze sasa, hata kabla ya kuamua ni mashine pepe ipi itatumika, na daftari la maelezo ya safu lipigwe picha siku hiyohiyo.