Chupa mbili za Kilimanjaro

Mwambie muuzaji wa vinywaji pale Kwa Sadala, kando ya barabara kuu ya Moshi–Arusha, "nipe Kilimanjaro moja." Kabla hajafungua friji atakurudishia swali: ya maji au ya bia? Humo ndani zipo zote, zimepangwa bega kwa bega. Maji ni ya Bonite Bottlers, kampuni ya hapahapa Moshi. Bia ni ya TBL. Sijasikia mteja aliyeomba maji akaondoka amelewa.

Nilikuwa nasubiri chenji mbele ya friji hiyo wazo liliponiganda. Katika mpangilio wa kimataifa wa alama za biashara, ule uitwao wa Nice, bia na maji ya kunywa vyote vimo daraja la 32. Yaani hata kwenye makaratasi ni majirani wa ukuta mmoja. Hata hivyo kampuni mbili zinauza kwa jina moja, dukani kwa mtu mmoja, na maisha yanaendelea. Sheria ya alama za biashara ina nafasi ya namna hiyo: inatazama bidhaa, soko, na kama mnunuzi atadanganyika. Jina la kikoa, au domeini kama mafundi wanavyoliita, halina nafasi hiyo. Kilimanjaro.com ni moja tu dunia nzima. Anayewahi kuisajili ndiye anayeishika, awe Moshi, awe Manila, na hakuna atakayemuuliza kama amewahi kuuona mlima wenyewe.

Tazama magari ya watalii yanayopita hapo yakitoka uwanja wa ndege wa KIA kwenda Moshi. Ubavuni yamechorwa anwani za tovuti, na neno Kilimanjaro, au kipande chake "Kili", halikosekani. Watu wamejenga nyumba na kusomesha watoto kwa neno hilo. Ni lao kwa kiasi gani?

Swali hilo lina mawakili wake. Miongoni mwa waliotangulia kuliandikia nchini ni Adam Mambi, aliyekuwa Tume ya Kurekebisha Sheria na baadaye akateuliwa Jaji wa Mahakama Kuu. Kitabu chake cha sheria za TEHAMA za Tanzania na Afrika Mashariki kilitolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2010. Lakini tuache vitabu. Tuseme una kampuni ndogo ya kupandisha wageni, na asubuhi moja anwani yako inafunguka kwa mshindani. Unaingia kwa wakili wa kazi hii ukiwa na hasira zako.

Yeye ataanza na karatasi. Nani aliandikwa kuwa mwenye jina: kampuni, wewe, au yule kijana aliyekutengenezea tovuti? Barua pepe iliyotumika kusajili ni ya nani? Ada ya mwaka hulipwa kwa kadi ya nani? Hapo wengi hunyamaza, maana kijana alifanya yote kwa jina lake, pengine kwa nia njema tu, kisha akahamia Dar. Kama ni hivyo, wakili atakwambia, huo ni ugomvi wa makubaliano yenu wawili, na mahali pake ni mahakamani.

Ikiwa kweli jina limetekwa na mtu baki, ataweka mezani mambo matatu, na yote lazima yathibitike: kwamba jina hilo linafanana na alama yako ya biashara, kwamba aliyelishika hana haki nalo wala sababu halali ya kuwa nalo, na kwamba alilisajili na kulitumia kwa nia mbaya. Ndiyo kanuni ya ICANN, shirika linalosimamia majina ya vikoa duniani, tangu 1999 kwa majina ya .com na mengine ya aina hiyo. Kesi ya kwanza ilikuwa ya mieleka. Oktoba 1999 mtu mmoja wa California alisajili worldwrestlingfederation.com, na siku tatu baadaye akaiandikia kampuni ya mieleka yenye jina hilo ilinunue kwa dola 1,000. Januari 2000 mwamuzi wa WIPO, shirika la miliki ubunifu lililoko Geneva, aliamuru kampuni hiyo ikabidhiwe jina.

Kesi yenyewe huendeshwa kwa maandishi. Mlalamikiwa ana siku 20 za kujibu, na lugha ni ile ya mkataba wa usajili, kwa hiyo Kiswahili kisahau. Ada ya WIPO huanzia dola 1,500, mbali na ya wakili, fedha isiyopishana sana na anayolipa mgeni mmoja kupanda kwa njia ya Machame na kampuni ya bei nafuu.

Kisha wakili atakuvunja moyo. Majina ya mahali, kama mahali, hayamo katika kanuni hiyo. WIPO ililijadili jambo hilo hadi kutoa ripoti mwaka 2001, na ulinzi haukupatikana. "Kilimanjaro" peke yake halikupi kitu. Lazima uonyeshe kwamba jina zima unalotumia limekuwa alama yako, na cheti cha alama ya biashara kutoka BRELA, wakala wa serikali wa usajili, ndicho ushahidi mwepesi kuliko wote.

Wengine humaliza miaka wakipigania neno moja. DotConnectAfrica ya Sophia Bekele iliomba kusimamia kikoa cha ngazi ya juu cha .africa mwaka 2012, kwa ada ya dola 185,000. Julai 2015 jopo huru lilikubali kwamba ICANN ilikiuka kanuni zake yenyewe. Hata hivyo .africa ilikabidhiwa Waafrika Kusini mwaka 2017, na mahakama za California nazo hazikumpa ushindi.

Sasa sikia hili. Brazil na Peru zilipinga kampuni ya Amazon kupewa .amazon kwa jina la mto wao. Zikashindwa, maana neno hilo kwa tahajia hiyo halimo katika orodha za majina ya mahali zinazolindwa na ICANN. Kilimanjaro limo. Si kwa sababu ya theluji wala ya kilele cha Uhuru, bali kwa sababu ni mkoa, nao umo katika orodha ya mikoa ya shirika la viwango la ISO kwa namba TZ-09. Atakayetaka kikoa cha .kilimanjaro atahitaji barua ya serikali husika. Nani ataandika barua hiyo, na atawauliza akina nani kwanza? Wapagazi? Wakulima wa kahawa?

Na lipo swali la jinai. Desemba 2016 Maxence Melo wa jukwaa la mtandaoni la JamiiForums alipandishwa kizimbani katika mahakama ya Kisutu, na shtaka mojawapo lilikuwa kuendesha tovuti kwa jina lisilosajiliwa Tanzania, yaani lisilo la .tz. Kesi zake ziliendelea hadi 2020. Magari mengi niliyoyaona Kwa Sadala yalikuwa na .com ubavuni.

Mwenye kampuni, kabla wageni wa Juni hawajaanza kumiminika, hakikisha ni nani aliyeandikwa kuwa mwenye kikoa chako. Kama si wewe wala kampuni yako, mpigie yule kijana leo, mkiwa bado mnasalimiana.