Kanga Darasani: Somo la Mapenzi na Mamlaka

Mwalimu wa Magomeni hana haja ya kwenda mbali kutafuta sanaa inayozungumzia mapenzi na mamlaka. Kanga zauzwa Kariakoo, doti kwa doti. Kila kanga ina pindo, mji na jina. Kwa jina hilo, yaani msemo wake, mke huweza kumfikishia mumewe neno asilothubutu kulitamka.

Lubaina Himid, mchoraji aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1954 na kupata Tuzo ya Turner nchini Uingereza mwaka 2017, ameitumia kanga katika michoro yake. Katika kazi yake ya mwaka 1986, A Fashionable Marriage, aliwaweka Margaret Thatcher na Ronald Reagan mahali pa wapenzi wawili, ili tuone jinsi watawala wanavyobembelezana.

Hata hivyo, tusiwaagize watoto kuleta kanga za mama zao. Huenda tukaanika siri za nyumba. Twashauri mwalimu achague mwenyewe kanga yenye msemo wa staha, kisha aulize: Nani asema? Amwambia nani? Kwa nini hakutumia kinywa? Hapo mwanafunzi atatambua kwamba sanaa humpa sauti asiye na mamlaka.