Mshika Mengi (Sehemu ya Pili): Swali Lililotoka Jikoni

Wiki iliyopita tulimwangalia Sheikh Kaluta Amri Abedi wa Ujiji: mhubiri, mshairi, Meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, kisha Waziri wa Sheria, aliyefariki mwaka 1964. Mzazi wa Mbagala au Manzese anaweza kusema huyo alikuwa na kipaji chake, ila mwanawe ashike moja tu, maana mshika mbili moja humponyoka. Basi leo namleta mwanafunzi wa kawaida.

Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa akisoma sekondari ya Magamba, Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakijitengenezea aiskrimu: unachemsha maziwa, unatia sukari, unasubiri yapoe, ndipo unaweka kwenye friza. Siku moja nafasi ilikuwa inakwisha, Mpemba akaona bora aweke yake yangali ya moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake, ambayo hayakuwa yamechemshwa kabisa. Mwalimu alipoulizwa sababu, alimjibu kwamba amechanganyikiwa. Baadaye, huko Tanga, Mpemba akakuta rafiki yake muuza aiskrimu naye huweka mchanganyiko ukiwa wa moto ili ugande upesi.

Tazama hapo. Muuza aiskrimu alilijua jambo kwa mikono yake, na biashara ikamwendea vizuri bila kuhitaji sababu. Mwalimu alikuwa na kanuni, na kanuni ikamtosha. Aliyekuwa na vyote viwili ni kijana aliyetoka jikoni akaingia darasani na swali lake. Akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza mgeni wao, Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam. Wenzake walimcheka. Osborne aliporudi chuoni kwake Mlimani aliagiza jambo lile lijaribiwe maabara, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala katika jarida la Physics Education. Wanasayansi wanabishana juu ya jambo hilo mpaka leo. Mpemba mwenyewe wakati huo alikuwa Chuo cha Wanyamapori Mweka, akisomea kazi nyingine kabisa.

Akina Mpemba wapo tele Temeke. Simama kwa fundi friji yeyote wa Tandika. Anasikiliza kompresa inavyounguruma, anapima umeme, anatafuta bomba la shaba linapovuja kwa povu la sabuni, analichomelea, anajaza gesi huku jicho likiwa kwenye geji, halafu anamweleza mama muuza barafu kwa nini bei imefika hapo, na mama anaelewa. Hiyo ni fizikia, kemia, hesabu na lugha, vyote kabla ya adhuhuri. Hakuna anayemwambia achague moja.

Shuleni tunafanya kinyume. Tangu mwaka 2024 tahasusi za kidato cha tano zimeongezwa hadi kufikia 65, zikiwemo za michezo na sanaa, nami nimelifurahia hilo kwa dhati. Lakini kuongeza vyumba si kufungua milango. Mtoto wa PCB (fizikia, kemia na biolojia) bado anaambiwa historia ni ya walioshindwa sayansi, na wa HGL (historia, jiografia na Kiingereza) anaachiwa aogope namba maisha yake yote. Kubobea kunahitajika, na daktari wa upasuaji sitaki kumwona anabahatisha. Ninachokipinga ni kumfungia kijana wa miaka 17 njia zote ila moja, wakati hata hajajua swali lake liko wapi.

Shule za Temeke zingeweza kuanza muhula ujao bila kusubiri waraka: mwalimu wa fizikia awapeleke wanafunzi, wa sayansi na wa sanaa pamoja, kwa fundi wa mtaani kwa vipindi viwili, na kila mmoja arudi na swali ambalo fundi hakuweza kulijibu. Maswali hayo yabandikwe ukutani, na mwalimu asione aibu kuyaacha pale mpaka mtu apatikane wa kuyajibu.

Wiki ijayo tutaingia chuo cha ufundi cha VETA, Chang'ombe.