Betri Ikifa na Kahawa Imo Njiani

Bwana mkulima, mwezi wa Novemba kahawa huiva Ruiru na Thika, na wachumaji hujaza magunia tangu asubuhi. Jioni wapanda trekta uyapeleke kiwandani. Wazungusha ufunguo, nayo yalia "tik" tu. Betri imekufa. Nawe wajua kwamba kahawa mbivu yapasa kumenywa maganda siku ile ile iliyochumwa. Ikilala guniani hupata joto na kuchacha, na bei yake huharibika. Je, utafanya nini?

Kwanza, usiwashe kiberiti ili kuitazama betri, wala usivute sigara karibu nayo. Ndani ya betri hutoka hewa iitwayo haidrojeni, ambayo hushika moto kwa cheche ndogo tu. Betri ikipasuka humrushia mtu asidi usoni. Asidi ikiingia machoni, osha kwa maji safi mengi kwa muda wa dakika 20, kisha nenda hospitali hata kama maumivu yamepungua.

Pili, angalia vichwa vya betri kwa tochi. Mara nyingi betri ni nzima, ila waya umelegea, au unga mweupe umezuia umeme. Fungua waya wa hasi (−) kwanza, kisha wa chanya (+). Kwangua vichwa mpaka ving'ae, bila kugusa unga ule kwa mikono mitupu. Rudisha chanya kwanza, hasi mwisho, ukaze. Jaribu tena.

Tatu, ikiwa bado, mwombe jirani mwenye gari la volti 12 kama trekta yako. Lori la volti 24 lisitumike. Magari yasigusane, na injini zote zizimwe. Fungeni nyaya hivi:

1. Waya mwekundu kwenye chanya ya betri iliyokufa.
2. Ncha yake ya pili kwenye chanya ya betri nzima.
3. Waya mweusi kwenye hasi ya betri nzima.
4. Ncha yake ya pili kwenye chuma kitupu cha injini ya trekta, mbali na betri.

Ncha ya mwisho ndiyo itoayo cheche. Kwa hiyo huwekwa mbali na ile hewa. Washa gari la jirani, ngoja dakika 5, kisha washa trekta. Ikiwaka, fungua nyaya ukianzia ya mwisho kurudi ya kwanza.

Kama hakuna nyaya, usiiachie trekta yenye tela iteremke ili iwake. Mzigo ule utakushinda. Afadhali kukodi punda au gari la jirani, kahawa ifike, na trekta ingoje fundi.

Tena, kinga ni bora. Betri ya volti 12 ina vyumba sita. Ikijaa na kupumzika hupima volti 12.6 hivi, ikishuka chini ya 12 imekaribia kwisha. Kila mwezi angalia maji yake. Yafunike bamba za ndani. Ongeza maji ya betri yanayouzwa dukani, si ya mto wala ya bomba, kwa kuwa chumvi zake huharibu bamba. Betri zilizozibwa usizifungue. Paka vichwa grisi. Kazi hii ni ya dakika 10, na kahawa yako haitalala njiani.