Heroe Wamepungua, Vifaru Wapo

Mzazi wa Free Area awapelekaye wanawe katika Mbuga ya Ziwa Nakuru, iliyofanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 1968, yafaa awaambie mapema kwamba huenda wasiwaone heroe wengi kama wale wa picha za zamani. Tangu mwaka 2010 hivi maji yalipanda, yakafunika hata lango kuu. Chumvi ikapungua, na mwani mdogo ambao ndio chakula chao ukapungua nao. Wengi walihamia Bogoria. Lakini vifaru wapo, weusi kwa weupe, na twiga ambao wazee wao waliletwa kutoka Soy. Kutembea kwa miguu hakuruhusiwi. Basi majirani na wachange, wakodi matatu moja, wafike langoni saa kumi na mbili asubuhi, kabla jua kali halijawaingiza wanyama vichakani.