Sura ya Kumi na Moja: Kuuza Ndege Iliyoishia Njiani

Ndege ya zamani ya sarakasi za angani inaweza kuuzwa mara mbili, hata tatu, kabla haijaruka tena. Mmiliki wa kwanza aliifumua akiwa na nguvu na nia. Wa pili alimaliza mkia na bawa moja, kisha ada za shule zikameza fungu la injini. Wa tatu amefariki, na watoto wake wanapofungua banda wanakuta kiunzi cha mabomba ya chuma kilichopakwa rangi ya msingi, mabawa yasiyo na kitambaa yakining'inia ukutani, na maboksi yenye maandishi ambayo marehemu peke yake ndiye aliyeyaelewa.

Sura hii inahusu siku ambayo mradi wa namna hiyo lazima uuzwe, na anayeuza hajui hasa anauza nini. Mimi nasema anauza ushahidi. Chuma, mbao na saa za kazi vina thamani kwa kadiri mnunuzi anavyoweza kuvithibitisha kwa macho, kwa mikono na kwa karatasi.

Tuchukue ndege moja ya kweli, Bücker Bü 131 Jungmann. Ilibuniwa na Msweden Anders Andersson katika kampuni ya Carl Clemens Bücker huko Berlin, na iliruka kwa mara ya kwanza Aprili 1934. Ni ndege ndogo ya viti viwili, mwanafunzi na mwalimu mmoja nyuma ya mwingine, yenye mabawa juu na chini yaliyorudishwa nyuma kwa nyuzi 11. Ina ailoni, vibawa vya kuilaza ndege upande, kwenye mabawa yote manne, na mkono wa rubani huzifikia kwa fimbo ngumu, si kwa waya zinazolegea. Ndiyo maana hadi leo marubani wa sarakasi wanaitaja kwa mapenzi: unawaza kugeuka, nayo imeshaanza. Iliundwa pia kwa leseni Uswisi, Chekoslovakia, Japani na Hispania. Kampuni ya CASA ya Hispania iliunda zaidi ya 500, na Jeshi la Anga la nchi hiyo lilipoachana nazo, nyingi zilichukuliwa na watu binafsi Ulaya na Marekani. Hizo ndizo unazoweza kuzikuta leo mabandani, nusu ndege, nusu maboksi.

Muuzaji karibu kila mara huanza hesabu kwa alichotumia. Mnunuzi huanza kwa kilichobaki kutumika. Ni kama pagala: anayekuja kulinunua halipi mifuko ya saruji uliyokwisha kuizika, anatazama msingi, hati ya kiwanja, na fedha zitakazomtoka mpaka apaue.

Kwa mfano tu, tuseme Jungmann inayoruka, nzuri, ingeuzwa dola 100,000. Injini inadai dola 30,000. Kitambaa na rangi, 15,000. Waya za kukazia mabawa, magurudumu, breki, vipimo na viti, 10,000. Zimebaki dola 45,000, na hapo mnunuzi hajaweka chochote kwa ajili ya miaka atakayopiga magoti bandani, wala kwa yale atakayoyagundua baadaye. Akikuambia dola 20,000, hajakudharau. Muuzaji mwenye risiti za dola 60,000 ataumia, na maumivu hayo ni ya haki, maana ndani yake kuna likizo zilizokatwa na usiku mwingi wa kazi. Lakini risiti haziongezi bei. Thamani yake ni kuonyesha kilinunuliwa nini, lini, na kutoka kwa nani, na hilo ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani.

Kosa linalogharimu kuliko yote ni kuivisha ndege kitambaa ili ipendeze kabla ya kuiuza.

Ndani ya kila bawa la Jungmann kuna boriti mbili za mbao, ya mbele na ya nyuma, na juu yake mbavu zinazolipa bawa umbo. Sarakasi huzitesa boriti hizi. Rubani anapovuta fimbo kumaliza mzunguko, bawa hutaka kupinda kwenda juu, na nyuzi za mbao upande wa juu hubanwa. Zikizidiwa hujikunja, na alama inayobaki ni mstari mwembamba sana unaokatiza nyuzi, mwembamba kiasi kwamba vumbi au vanishi nzito huuficha. Ncha ya bawa ikigonga ardhi siku moja wakati wa kutua, alama kama hiyo inaweza kutokea mbali na mahali palipogongwa. Fundi anayejua kazi huzima taa za banda, huwasha tochi na kuilaza karibu kabisa na ubao, mwanga ukitambaa sambamba na nyuzi, kisha husogeza kichwa polepole mpaka mstari utupe kivuli. Ukionekana mmoja tu, boriti ile haifai tena. Hutazama pia nyuzi zenyewe zinavyokwenda, kwa kuwa mwongozo wa ukarabati unaotumika Marekani hautaki zipotoke kuliko kipimo 1 kwa kila 15 vya urefu. Mwisho huja kwenye viungo. Ndege nyingi za zama zile ziligundishwa kwa kasini, gundi inayotokana na protini ya maziwa, ambayo unyevu na kuvu huila kimyakimya. Fundi hupitisha kipande chembamba cha bati kwenye mshono. Kikiingia, kazi ya bawa zima inaanza upya.

Bawa lililovikwa linafunika haya yote. Kitambaa cha siku hizi ni cha poliesta. Hugundishwa, hukazwa kwa pasi yenye joto lililopimwa, hushonwa kwenye kila ubavu, halafu hupakwa tabaka juu ya tabaka, mojawapo ikiwa na unga wa alumini wa kuzuia jua. Ni kazi ya uvumilivu mkubwa, na ikifanywa vizuri inapendeza mno. Lakini mnunuzi makini akiikuta kwenye mradi wa mtu asiyemjua, ana mawili: akuamini, au aichane. Wengi wa wanaojua watahesabu gharama ya kuichana. Kwa hiyo ndugu msomaji, ikiwa unajua moyoni kwamba hutamaliza, acha mabawa wazi. Vanishi safi, mbavu zinazoonekana na viungo vinavyofikika vitakuuzia ndege kuliko rangi nyekundu inayong'aa. Na kama umekwisha kuyavika, picha ulizopiga kabla ya kuvika ndizo zitakazokuokoa, tena picha za karibu za kila kiungo, si zile za wewe na bawa mkitabasamu.

Kwenye kiwiliwili, ambacho ni mabomba ya chuma yaliyochomelewa, jicho la mnunuzi litakwenda nyuma chini. Ndege hii husimama mkia ukiwa karibu na ardhi, hivyo maji yoyote yaliyoingia kwa miaka mingi yaliteremka na kutuama kwenye mabomba ya chini ya mkiani, nayo hula chuma kutoka ndani huku nje rangi ikiwa nzima. Mafundi huyajaribu kwa kigongeo cha springi chenye ncha: pale bomba lilipokonda, ncha huacha kishimo. Mruhusu mnunuzi afanye hivyo. Atakayekataliwa ataondoka, na atakuwa na haki.

Injini ni eneo la huzuni nyingi. Ndege za Hispania zilikuwa na injini ya ENMA Tigre, silinda nne zilizoelekezwa chini, na vipuri vyake ni haba, ndiyo maana wenye ndege wengi wa Marekani hubadili na kufunga Lycoming. Basi utamsikia muuzaji akisema kwa fahari kwamba Lycoming yake ilifanyiwa ukarabati kamili na haijatumika hata saa moja tangu 1998. Hilo lingekuwa jambo jema mwaka 1999. Lycoming wenyewe wanapendekeza injini ifunguliwe upya ikifikisha miaka 12 hata kama haikufikisha saa zake, na ipo sababu ya kueleweka. Mhimili wa kamu katika injini hizo uko juu. Injini ikikaa bila kuwashwa, mafuta hushuka, mhimili ukabaki mkavu, na kutu huanza pale pale panaposuguana. Uza injini ya namna hiyo kama injini inayosubiri kufunguliwa, kwa bei hiyo, na hutagombana na mtu.

Sasa karatasi, na hapa nasisitiza kwa nguvu zote. Mradi usio na utambulisho si ndege, ni shehena ya vipuri. Kinachoifanya iwe ndege ni kile kibati kidogo chenye jina la kiwanda na namba ya mfululizo, vitabu vya kumbukumbu za safari na matengenezo, na mnyororo wa hati za mauzo kutoka mwenye mmoja hadi mwingine usiokatika. Kibati hicho hakiuzwi peke yake wala hakihamishiwi kwenye kiunzi kingine. Sheria za Marekani zinakataza waziwazi, na kwa sababu njema, maana ndiyo njia ya kuigeuza ndege iliyokufa kuwa mbili zinazodai kuwa hai. Kabla hujatangaza, tafuta kwenye daftari la usajili wa ndege la Marekani lililoko Oklahoma City kama kuna deni lililoandikwa juu ya ndege hiyo. Mkopo wa mwenye aliyetangulia, uliolipwa lakini haukufutwa, unaweza kusimamisha mauzo kwa miezi.

Kama mradi ni Pitts, ndege ndogo ya sarakasi ya Kimarekani, karatasi zinabadilika sura. Pitts ya kwanza ya Curtis Pitts iliruka 1944, na rubani wa sarakasi Betty Skelton akailetea aina hiyo jina mwishoni mwa miaka ya 1940. Baadaye Pitts aliuza michoro, na watu wakajiundia nyumbani. Ndege iliyojengwa hivyo Marekani husajiliwa kwa sharti kwamba sehemu kubwa ya kazi imefanywa na watu walioifanya kwa kujifunza au kujifurahisha. Kazi ya mjenzi wa kwanza huhesabika hata akimaliza mwingine, mradi iwe na uthibitisho. Daftari lenye tarehe na picha, hata kama limechafuliwa na mafuta, linaweza kuamua kama mnunuzi atapewa cheti au atabaki na pambo la banda. Nimesikitika kusikia madaftari kama hayo yametupwa na ndugu waliodhani wanasafisha.

Siku ya kutangaza, tandika kila kitu sakafuni, kundi kwa kundi, upige picha. Andika kilichopo, kisha andika kwa herufi zilezile kilichokosekana. Orodha ya vinavyokosekana huleta imani haraka kuliko sifa yoyote, kwa kuwa anayeisoma anajua vitu hivyo hukosekana kila mahali. Usitumie neno "karibu imekamilika". Mtu wa kazi hii akilisikia hujua kitambaa hakijaanza. Wala usiahidi kwamba ndege ni salama kuruka. Unauza ilivyo, mahali ilipo, na hati ya mauzo iseme hivyo.

Atakuja mtu ataomba injini peke yake, mwingine pangaboi, mwingine mabawa. Pengine kwa kugawanya utapata fedha zaidi. Mimi napinga. Jungmann zilizobaki haziongezeki kwa kasi, hata kama tangu miaka ya 1990 Poland imeunda mpya chache, na kiunzi kilichotenganishwa na mabawa yake hupata shida kukutana nayo tena. Subiri mwaka mmoja zaidi kwa ajili ya anayeichukua yote.

Akipatikana, kazi ya kubeba ni rahisi kuliko inavyoonekana. Kiwiliwili na mkia wake havifiki mita 7, ila kontena la futi 20 halitoshi. La futi 40 litakula kila kitu. Mabawa husimamishwa kwa ukingo wa mbele chini kwenye fremu zenye zulia, kamwe hayalazwi yakapandishiwa maboksi. Vitabu, kibati na picha visisafiri ndani ya kontena. Mpe mnunuzi mkononi, naye atie saini.

Na kama ndege imesajiliwa Marekani, jaza upande wa nyuma wa cheti cha usajili kuonyesha umeiuza, ukirudishe Oklahoma City wewe mwenyewe. Usimwachie mnunuzi kazi hiyo, kwani mpaka ifanyike ndege inabaki daftarini kwa jina lako, na barua zake zitaendelea kuja kwako.